Mr. Bean, Rowan Atkinson na herufi nne: jibu kwa msomaji

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi na wenzangu chuoni tumekuwa tukibishana kuhusu Rowan Atkinson, yule anayeigiza Mr. Bean. Mmoja anasema ni INTP, mwingine anashikilia ISFP, na mtandaoni kila mtu ana herufi zake. Mimi mwenyewe nilifanya jaribio la haiba kwenye simu nikapata INTP-T. Naomba kujua: wewe kama mwanasaikolojia ungempa aina gani? Na je, mtu mkimya kama mimi anaweza kuwa mchekeshaji, au kazi hii ni ya wachangamfu?"

Marahaba. Umeuliza kuhusu watu watatu kana kwamba ni wawili, na nadhani ndiyo maana ubishi wenu hauishi. Mr. Bean ni mmoja, Rowan Atkinson ni mwingine, na wewe ni wa tatu. Nitangulize majibu, maelezo yafuate. Mr. Bean simpi aina yoyote. Atkinson, nikibanwa kabisa, ningemwandikia I na J bila kusita, T kwa penseli, na nafasi ya herufi ya pili ningeiacha tupu. Nawe, hizo herufi zako nne hazisemi lolote kuhusu uwezo wako wa kuchekesha. Ila ile ya tano iliyokaa nyuma ya kistari nitairudia, kwa sababu ndiyo yenye utamu.

Kwa wenzako ambao huenda wanazitaja herufi bila kujua zilikotoka: Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichapisha kazi yake juu ya aina za kisaikolojia mwaka 1921. Alidai kwamba watu hutofautiana kwa upande ambao nguvu ya akili zao huelekea, ndani (leo herufi I) au nje (E), na kwa namna wanavyozitumia kazi nne za akili: kufikiri (T), kuthamini kwa hisia (F), kupokea mambo kwa milango ya fahamu (S), na kung'amua yaliyojificha nyuma ya mambo hayo (N). Kule Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hakuna hata mmoja wao aliyesomea saikolojia, walilichukua wazo hilo na kuongeza jozi ya nne: J, apendaye mambo yaamuliwe na yapangwe, na P, apendaye kuyaacha yajipange yenyewe njiani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakaanza kutunga dodoso ambalo leo linaitwa MBTI.

Jambo moja la nadharia hii husahauliwa karibu na kila anayeitumia mtandaoni. Herufi hazipimi uwezo, zinataja upendeleo. Wanaofundisha MBTI hupenda mfano wa mkono wa kuandikia: una mikono miwili na yote inafanya kazi, ila mmoja unautumia bila kufikiria. Kwa hiyo hata nadharia yenyewe haijawahi kusema kwamba mtu wa I hawezi kusimama mbele ya watu elfu moja akawavunja mbavu. Inasema tu kwamba hapo huenda anatumia mkono usio wake. Na jukwaa la vichekesho, kama nitakavyoeleza, ni mahali ambapo watu hufanya kazi kwa mkono usio wao kutwa nzima. Hapo ndipo tabu ya kumsoma mchekeshaji inapoanzia.

Tuje kwa Bean. Kipindi cha kwanza kabisa kilirushwa na ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na ndani yake kuna kile kituko cha kanisani ambacho naamini umekiona. Maneno ya wimbo hayajui, basi anamung'unya mung'unya, lakini ikifika "Aleluya" anaipaza kwa sauti yote aliyonayo, kisha anarudi kumung'unya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara usingizi unamchukua: kichwa kinashuka, mwili unafuata, mpaka anaishia sakafuni. Mara anataka kula peremende bila jirani kumwona, na mpango wake wa kuifikisha mdomoni una hatua nyingi kuliko mahubiri yenyewe.

Mwenzako wa INTP anaiona peremende na kusema: tazama, mtu huyu anaishi kwenye mantiki yake mwenyewe, kila tatizo analitatua kutoka mwanzo kama vile hakuna aliyewahi kulitatua kabla yake. Mwenzako wa ISFP anaiona Aleluya na kusema: tazama, anaishi kwenye raha ya sasa hivi, hajali kanuni za mtu, hana mpango wa kesho. Wote wawili wanaona sawasawa. Tena angetokea wa tatu akasema ISTP kwa sababu ya ile siku ya 1994 Bean alipoendesha gari lake akiwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni juu ya paa, kwa kamba na ufagio, naye ningemkubalia kwamba ameona kitu.

Sababu ni kwamba Atkinson amemweleza Bean mara nyingi kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Sasa rudi kwa Jung. Kwake, aina hujitokeza pale kazi moja ya akili inapokomaa na kujitenga na nyingine, na mambo hayo yanataka muda. Mtoto mdogo bado mambo yake yamechanganyika: saa hii anafikiri kama fundi, dakika mbili baadaye analia kwa sababu biskuti imevunjika katikati. Bean ameandikwa abaki hapo milele. Hana kazi ya akili iliyotangulia nyingine, na ukimpa moja umemkomaza, na akishakomaa hachekeshi tena. Kwa hiyo kukataa kwangu kumpa aina kunatokana na kuifuata nadharia yenu mpaka mwisho, wala si kuidharau.

Zaidi ya hapo, kichwa cha Bean hakikuwa kimoja. Atkinson alimwandika pamoja na Richard Curtis na Robin Driscoll, na Ben Elton alikuwa na mkono wake kwenye kipindi kile cha kwanza. Unapopima haiba ya mhusika unapima makubaliano ya watu kadhaa waliokaa mezani. Wenzetu wa hapa nyumbani wanakupa mtihani uleule: Lucas Mhuvile, ambaye sote tunamjua kwa jina la Joti, anaigiza mtoto, anaigiza bibi kizee, anaigiza kijana mtanashati wa mjini. Utaanza kumpima kwa yupi?

Atkinson mwenyewe ni habari nyingine, kwa sababu huyu ni mtu aliyezaliwa (6 Januari 1955, Consett, kaskazini-mashariki mwa Uingereza), akasoma, akafanya kazi na akahojiwa. Hapa tuna ushahidi, ingawa ni wa mbali. Nikukumbushe kwanza kwamba mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater ana akili timamu, zaidi ya elfu moja wakajibu bila kumpima, Goldwater akashtaki na kushinda. Mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikawakataza kumtolea hukumu ya kitaalamu mtu ambaye hawajamchunguza. Herufi nne si ugonjwa, lakini adabu ni ileile: ninachosema hapa kinahusu yale aliyoyasema na kuyafanya hadharani, basi.

Herufi ya kwanza ndiyo rahisi. Kwa miaka mingi Atkinson amejieleza kuwa mtu mkimya, hahojiwi sana, na wanaokutana naye wakitarajia kumkuta Bean huishia kukuta bwana mpole anayechagua maneno. Kuna kosa ambalo watu hulifanya hapa, nalo ni kuchukua kigugumizi chake kuwa ushahidi wa I. Kigugumizi ni jambo la usemaji. Wapo wenye kigugumizi wanaopenda umati kupindukia, na wapo wasemaji fasaha wanaotamani mgeni aondoke. Kinachonivutia mimi ni kitu kingine alichokisimulia: kwamba akiingia ndani ya mhusika, kigugumizi hupungua au hupotea. Kwa hiyo mhusika kwake ni nafasi ya kusema. Ukimtazama kwa jicho hilo utaelewa kwa nini amejenga maisha yake yote kwenye wahusika, kuanzia yule mwenye ulimi wa wembe wa kipindi cha vichekesho cha Blackadder hadi huyu asiye na ulimi kabisa, na si kwenye kusimama na maikrofoni akieleza habari zake mwenyewe.

J ndiyo herufi ninayoipenda kwake. Mwaka 1987 alialikwa kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada. Mji huo una watu wa Kiingereza na watu wa Kifaransa, na tamasha lilikuwa na ratiba mbili. Atkinson akaomba awekwe kwenye ratiba ya Kifaransa. Waandaaji hawakuelewa, maana hakuwa na hata sentensi moja ya Kifaransa katika onyesho lake. Alichokuwa anataka ni kujua kama mhusika wake asiyesema angewachekesha watu wasiojua lugha yake. Huyo ni mtu aliyesomea uhandisi wa umeme Newcastle na kuendelea nao Oxford, na hapo aliufanya uhandisi wake: ondoa lugha, acha vingine vyote kama vilivyo, uone kama mashine bado inazunguka. Ilizunguka. Miaka mitatu baadaye Bean alikuwa kwenye televisheni, na ndiyo maana huku kwetu kanda zake zilikuja kuchezwa kwenye mabanda ya video bila kuhitaji mtu wa kutafsiri. Mtu wa P angeweza kuwa na kipaji kilekile, lakini nadhani angelijua jibu kwa bahati, akiwa tayari yuko jukwaani.

T naiandika kwa penseli. Wanaompa T hutaja kampeni zake za uhuru wa kusema: alipinga mswada wa chuki ya kidini nchini Uingereza, na mwaka 2012 alizungumza hadharani akitaka neno la "kutukana" liondolewe kwenye sheria ya utulivu wa umma ya 1986. Hoja zake zilipangika vizuri, kweli. Ila mtu wa F naye hupigania kanuni, tena wakati mwingine kwa ukali zaidi, kwa sababu kwake kanuni ni thamani aliyoibeba moyoni. Hotuba moja haitoshi kuamua.

Na S au N? Hapa wapenzi wa magari wana la kusema. Atkinson alikuwa na McLaren F1, akaigonga vibaya mwaka 2011, bima ikalipa takriban pauni 910,000 kuitengeneza, naye akaja kuiuza mwaka 2015 kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 8. Ana pia leseni ya kuendesha malori. Mtu wa vyuma, wa kushika, wa kusikiliza injini: S. Halafu mtu huyohuyo ndiye aliyekaa na wenzake wakawaza dunia ambamo mtu mzima anafunga mlango wa gari kwa komeo na kufuli la nyumbani: N. Sioni njia ya kuamua kwa mbali. Nikiona mtu ameamua kwa uhakika, najua ameamua kwa kupenda.

Sasa ile T ya nyuma ya kistari.

Mwaka 2021 Atkinson alisema katika mahojiano kwamba hafurahii sana kumwigiza Bean: kunamchosha, kunampa msongo, uzito wa kuwajibika kwa kila kitu si mzuri, na anatazamia siku ya kumaliza. Soma mahojiano yake mengine ya zamani utakuta wimbo uleule, kwamba hutafuta ukamilifu na ukamilifu humtesa. Ukiniuliza ni tabia gani inajitokeza zaidi katika maneno yake mwenyewe, nitakwambia ni hii ya wasiwasi wa kazi. Haya, katika herufi nne za MBTI, wasiwasi uko wapi? Haupo. Mwaka 1989 watafiti Robert McCrae na Paul Costa walilinganisha mizani minne ya MBTI na zile sifa kuu tano ambazo wanasaikolojia wengi huzitumia leo. Kila mzani wa MBTI ulipata mwenzake, na sifa moja ikabaki bila mwenza: wepesi wa kutaharuki na kuhangaika. Mizani iliyotungwa na Briggs na Myers haina mahali pa kuiweka.

Jaribio ulilolifanya kwenye simu, kwa herufi hizo tano, ni la 16Personalities au mojawapo ya yaliyoiga mtindo wake. Hilo si MBTI yenyewe. Wameazima herufi nne, kisha wakaongeza ya tano, A kwa mtu aliyetulia na T kwa mtu anayejihangaikia. Kwa maneno mengine wamebandika kiraka palepale penye tundu. Ndiyo maana nilisema hiyo ndiyo yenye utamu: unapobishana na wenzako kama Atkinson ni INTP au ISFP, mnabishania herufi nne ambazo kwa pamoja zimekosa jambo analolisema yeye mwenyewe waziwazi kila akihojiwa.

Utaniuliza, mbona basi maelezo ya INTP yalikuingia mpaka ukahisi mtu amekuchungulia? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la haiba, halafu akampa kila mmoja matokeo "yake". Wanafunzi waliyapima kwa alama 0 hadi 5 kwa usahihi, na wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota. Sisemi kwamba MBTI ni kupiga ramli. Nasema hisia ya kujitambua kwenye maelezo si ushahidi, kwako wala kwa Atkinson. Na kuna udhaifu mwingine unaojulikana: watu wengi wakirudia dodoso baada ya wiki chache hupata angalau herufi moja tofauti, hasa wale ambao alama zao ziko karibu na katikati, ambako kwa kweli ndiko wengi wetu tuliko.

Kuhusu wachekeshaji kwa ujumla, utafiti upo. Mwaka 2009 Gil Greengross na Geoffrey Miller walichapisha ulinganisho wa wachekeshaji 31 wa jukwaani na wanafunzi wa chuo. Wachekeshaji walikuwa juu kwenye uwazi wa kupokea mawazo mapya, jambo ambalo mtu angelitarajia, lakini kwenye uchangamfu wa nje walikuwa chini ya wanafunzi. Sampuli ni ndogo, usiitangaze kama sheria. Mwaka 2014 Victoria Ando, Gordon Claridge na Ken Clark walitoa utafiti mkubwa zaidi, wa wachekeshaji 523 kutoka Uingereza, Marekani na Australia, wakiwalinganisha na waigizaji na watu wa kawaida. Walichokikuta ni mchanganyiko: wachekeshaji walipata alama za juu upande wa kujitenga na kutofurahia sana kuwa na watu, na papo hapo wakapata alama za juu upande wa kujiachia na kutenda bila breki. Pande zote mbili, ndani ya mtu mmoja. Waigizaji hawakuonyesha huko kujitenga.

Matokeo hayo yanaigusa nadharia ya aina pabaya. Dodoso la MBTI linakulazimisha uchague, ndani au nje, halafu linakuandikia herufi moja. Mchekeshaji wa kule kwenye utafiti wa 2014 angejibu "ndani" nyumbani na "nje" jukwaani, na yote mawili yangekuwa kweli. Herufi itakayotoka itategemea alikuwa anafikiria wapi siku anajaza fomu. Mimi hutumia nadharia hii kuanzisha mazungumzo, hasa na vijana wanaoanza kujichunguza, kwa sababu inawapa maneno ya kuanzia. Kuitumia kufunga mazungumzo, kwamba fulani ni hivi, basi tumemaliza, hapo mimi simo.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Ndiyo, mtu mkimya anaweza. Watu hudhani jukwaa ni kama sebule iliyojaa wageni, lakini ni mahali tofauti sana. Sebuleni unakatizwa, unatakiwa ujibu papo hapo, usome nyuso nane kwa pamoja. Jukwaani unasema wewe peke yako, maneno umeyaandaa, taa zinakuficha nyuso, na kazi ya wengine ni kusikiliza. Wakimya wengi nilioongea nao katika kazi yangu wanaogopa harusi kuliko hotuba.

Lakini kuchekesha si kazi moja. Kuna kuandika, na Curtis aliyeandika na Atkinson tangu wakiwa Oxford alipata jina kubwa kwa kubaki nyuma ya kamera. Kuna kusimama mwenyewe na maikrofoni. Na kuna kuvaa mhusika. Kwa kuwa umesema u mkimya, na kwa kuwa jaribio lako limekuandikia T ya wasiwasi (ipokee kwa tahadhari, lakini pengine hujaishangaa), ningeanzia kwenye mhusika. Mtafute mtu unayemjua vizuri mtaani kwenu, konda, mjumbe, shangazi anayejua habari za kila nyumba, umwazime mwendo na sauti. Andika dakika tano. Zifanye mbele ya watu wasio marafiki zako, maana marafiki watacheka kwa kukuhurumia, na uache simu ikirekodi. Kesho yake sikiliza, uweke alama pale walipocheka na pale ulipodhani watacheka wakanyamaza. Fanya hivyo mara kadhaa, dakika zilezile tano, mhusika yuleyule, ukibadilisha kitu kimoja kimoja. Ukiniandikia tena, niambie walicheka wapi.